Pimeni Vichwa vya Kondoo Wetu

Wacha niseme mapema ili asiyependa aende zake. Kondoo mwekundu wa Wamaasai anamalizika, na anayemmaliza ni dume la Dorper. Kila msimu wa kupandisha anapungua kidogo ndani ya watoto wake mwenyewe, na siku tukija kushtuka tutakuwa na picha za watalii na hadithi za wazee, basi. Wakati huo huo teknolojia ya kupima na kuhifadhi umbo la fuvu lake, ndani na nje, milimita kwa milimita, ipo, na sehemu kubwa ya programu zake ni za bure. Vichwa vyenyewe vinapita Nairobi kila asubuhi vikielekea sufuria. Wale ambao kazi yao ni kujali wanasubiri mfadhili.

Najua unachouliza. Fuvu la kondoo? Kweli? Nchi ina mambo mangapi! Watu wangu mtaani wakisikia hucheka kwanza, halafu huuliza lile swali letu la kila siku: inalipa? Nitafika huko.

Mimi si daktari wa mifugo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na hata pale chuoni sikuwa nasomea wanyama. Tangu hapo nakula kwa kalamu, yaani kwa kibodi. Kuna kipindi niliandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za masomo, biashara ambayo vijana wengi wa rika langu wanaifahamu hata kama hawaitaji kanisani. Usiku mmoja ikaingia oda: mapitio ya tafiti kuhusu kupima fuvu la kondoo kwa picha za CT na vielelezo vya pande tatu vya kompyuta. Kurasa kumi na mbili, siku tatu, dola saba kwa ukurasa. Sikujua hata kondoo ana meno mangapi. (Ni 32, na juu mbele hakuna hata moja, ni ufizi mgumu tu. Usiponiamini mfungue mdomo.)

Basi nikasoma. Nikasoma kondoo wa Mehraban wa Iran. Nikasoma Akkaraman, Morkaraman na Tuj wa Uturuki, ambako watu wa anatomia wanapenda mafuvu vile sisi tunapenda siasa. Nikasoma Bardhoka wa Kosovo. Kosovo, ndugu msomaji, ni nchi ambayo ukubwa wake ni kama nusu ya kaunti ya Kajiado. Watu wake wametoka vitani juzi, wana shida zao tele, lakini walikaa chini wakasema kondoo wetu huyu wa mlimani ana kichwa chake, tukipime, tukiandike. Katika rundo lote nililosoma kwa siku zile tatu hakukuwa na kondoo hata mmoja wa Kajiado, wala Narok, wala Marsabit. Nilikuwa nimekaa Nairobi, naandika kwa Kiingereza kizuri kuhusu pua ya kondoo wa Anatolia, kwa niaba ya mtu wa Marekani, ili nilipe kodi ya nyumba Kayole. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na haijapoa.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana watu wengi hufikiri ni uchawi wa maabara. Mashine ya CT hupiga eksirei ikizunguka kichwa, kisha kompyuta inapanga matokeo kuwa vipande vyembamba kama mkate wa slaisi. Kila kipande kina vijisanduku vidogo, vinaitwa vokseli, na kila vokseli ina namba inayoonyesha kitu kile kinazuia miale kiasi gani. Kipimo hicho kina jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyepata Nobel mwaka wa 1979 kwa mashine hii akishirikiana na Allan Cormack wa kutoka Afrika Kusini. Maji ni sifuri. Hewa ni hasi 1000. Mfupa unaanzia mamia na kupanda. Unaiambia programu: nionyeshe kila kilicho juu ya namba fulani. Ngozi inatoweka, nyama inatoweka, na fuvu linabaki likielea kwenye skrini, unaligeuza utakavyo. Unaweza kuingia ndani ya pua. Unaweza kujaza chumba cha ubongo rangi na kuambiwa ujazo wake. Programu kama 3D Slicer inafanya haya yote na hulipi hata ndururu.

Kisha unaweka nukta. Moja ncha ya mbele kabisa ya taya la juu, nyingine kileleni nyuma ya kichwa, nyingine kwenye kingo za tundu la jicho, na kuendelea. Nukta nyingi kati ya hizi zimeelezwa na Angela von den Driesch katika mwongozo wake wa mwaka wa 1976 wa kupima mifupa ya wanyama, kitabu ambacho wanaakiolojia duniani bado wanakitegemea. Yeye alitumia kalipa, chuma cha mkononi. Kompyuta imebadilisha mkono, haijabadilisha nukta.

Hapa nataka kugombana na wapenzi wa teknolojia, kwa sababu nao wana makosa yao. Wanasema kipimo cha kompyuta hakina upendeleo. Wapi! Ile namba uliyoiambia programu, umeichagua wewe. Ukiipandisha juu sana, mifupa myembamba inapotea: zile karatasi za mfupa zilizojikunja ndani ya pua zinatoboka, na ukuta wa tundu la jicho unakuwa kama neti. Ukiishusha sana, fuvu linanenepa kwa sababu umehesabu na vitu visivyo mfupa. Slaisi za milimita tatu zitakupa fuvu lenye ngazi kama jengo la ghorofa, na slaisi za nusu milimita zitakupa fuvu laini. Halafu kuna mkono wa mwekaji nukta. Watu wawili hawawezi kuiweka pale pale, na hata mtu mmoja akiiweka Jumatatu na akarudi kuiweka Ijumaa itasogea. Kompyuta itakupa jibu lenye desimali nne hata kama aliyebonyeza alikuwa anasinzia. Utafiti wa heshima hupima mara mbili na kuonyesha tofauti iliyopatikana. Nyingine huficha, na desimali zinawafunika.

Kuna pia njia ya kupima umbo badala ya urefu, na hii ndiyo iliyonivutia zaidi usiku ule. Unaweka nukta zile zile kwenye mafuvu yote. Programu inayahamisha yote yakae katikati moja, inayakuza au kuyapunguza mpaka ukubwa ulingane, inayazungusha mpaka yalaliane vizuri iwezekanavyo. Tofauti inayobaki baada ya hapo ni umbo tupu: nani ana pua ndefu kwa kulinganisha na kichwa chake, nani ana paji lililoinuka, nani ana macho yaliyokwenda pembeni. Njia hii imeitwa kwa jina la Procrustes, yule jambazi wa hadithi za Kigiriki aliyewalaza wageni kwenye kitanda chake, mfupi akamvuta, mrefu akamkata miguu. Angalau waliochagua jina hilo hawakuficha kitu.

Ya kazi gani yote haya? Chukua tundu moja dogo tu, lililo kwenye mfupa wa uso chini ya jicho, ambapo neva ya mdomo wa juu hutokea. Daktari wa mifugo akitaka kuganzisha sehemu hiyo ili ashone kidonda au ang'oe jino, lazima alipate. Halionekani kutoka nje. Analitafuta kwa kupapasa kutoka kwenye kijivimbe cha mfupa wa shavu na kukadiria umbali. Umbali huo si mmoja kwa kondoo wote duniani, ndiyo maana wale Wairani na Waturuki wanaupima na kuuandika, aina kwa aina. Taya la chini nalo lina tundu lake, hadithi ni hiyo hiyo. Michoro mingi ya vitabu vya anatomia imetoka kwa kondoo wa Ulaya. Anayedunga sindano Kajiado anadunga kwa ramani ya mahali pengine, na kondoo hana lugha ya kumwambia umekosea.

Au chukua kizunguzungu. Kuna tegu anayeishi tumboni mwa mbwa, Taenia multiceps, na mayai yake kondoo akiyala pamoja na nyasi, kifuko chenye maji humea kwenye ubongo. Mnyama anainamisha kichwa, anazunguka duara, anajigonga. Wafugaji wa Kimaasai wana jina la ugonjwa wa kuzunguka: ormilo. Mara nyingine mfupa wa fuvu ulio juu ya kifuko hulainika mpaka kidole kinaweza kuhisi, na hapo mtu mwenye ujuzi anaweza kutoboa na kukitoa. Kutoboa wapi, kwa kina gani, mfupa una unene gani pale paji la uso lenye vyumba vya hewa? Hilo ni swali la kipimo. Ongeza funza wa pua, watoto wa nzi aitwaye Oestrus ovis, ambao huwekwa mlangoni mwa pua na kutambaa hadi ndani ya vyumba hivyo hivyo vya hewa, kondoo akapiga chafya msimu mzima. Mfugaji yeyote anamjua huyo. Ramani ya vyumba anavyojificha kwenye kichwa cha kondoo wetu ndiyo ninayoililia.

Na kama wanyama hawakugusi, basi jua kwamba madaktari wa binadamu wanaojifunza upasuaji wa pua kwa kamera, katika nchi nyingi, huanzia kwenye kichwa cha kondoo cha buchani.

Sasa kuna hoja moja ninayoiheshimu, na waliowahi kunipa si wajinga. Wanasema: Mwafrika kushangilia kupima mafuvu? Umesahau?

Sijasahau. Samuel Morton wa Philadelphia alijaza mafuvu ya watu mbegu, baadaye risasi ndogo, ili apange mataifa kwa ukubwa wa bongo zao. Berlin bado kuna mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyobebwa kutoka Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, na familia Kilimanjaro zinauliza mpaka leo kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka wa 1900, kiko wapi. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Hapa hapa Nairobi, katika miaka ya 1930, H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alipima vichwa vya Waafrika akidai akili zetu ni pungufu, na mwaka wa 1934 F. W. Vint wa maabara ya serikali alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu ubongo wa yule aliyemwita mwenyeji wa Kenya. Walijua jibu kabla ya kushika rula.

Lakini angalia ubaya wao ulikuwa wapi. Walipima watu bila ruhusa yao, walificha walivyochagua, na mafuvu wakayafungia kabatini ambako aliyepimwa hawezi kuingia akapima tena. Dawa ya hilo ni kupima hadharani, kila faili wazi, kila namba iliyochaguliwa imeandikwa, mtu wa Loitokitok aweze kuipakua na kusema hapa mmekosea. Kukataa rula kwa sababu Gordon aliishika ni kumwachia Gordon rula. Na nikisema ukweli, hoja hii ya ukoloni naisikia zaidi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kumshika kondoo.

Turudi kwa Dorper, maana hapo pana kichekesho. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Blackhead Persian, na jina lake ni vipande vya hayo majina mawili, Dor na Per. Huyo Persian si Mwajemi hata kidogo. Asili yake ni kondoo kichwa-cheusi wa Wasomali, jirani zetu, aliyesafirishwa kusini. Kwa hiyo kile kichwa cheusi cha Dorper ambacho mfugaji wa Kenya ananunua kwa bei ya kuuza shamba kilitoka kaskazini mwetu, kikazunguka hadi kusini mwa bara, kikarudi kimekuwa cha kisasa. Ningependa sana kuona mafuvu matatu, la Msomali kichwa-cheusi, la Dorper na la Mmaasai mwekundu, yamewekwa nukta na kulaliana kwenye skrini moja. Tungeona Mwingereza ameacha nini usoni.

Dorper ana faida zake, sitaki kuandika upuzi. Anakua haraka, ana nyama, soko linampenda. Wafugaji walianza kumpandisha na kondoo wao wekundu tangu miaka ya 1970 na hawakuwa wamelogwa. Lakini wanasayansi walipowaweka Dorper na wekundu pamoja kule Diani katika miaka ya 1990, kwenye unyevu wa pwani na minyoo yake, wekundu ndio waliosimama. Mnyoo wa tumbo anayenyonya damu anawaangusha Dorper na mwekundu anaendelea kula. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo, ILRI, kimeweka kundi la wekundu kwenye ranchi yake ya Kapiti. Vizuri. Kundi moja.

Mtu ataniambia: fuvu halisemi chochote kuhusu minyoo. Kweli kabisa. Ataongeza: siku hizi kuna DNA, mifupa ya nini? Hapo tunaachana. Mdungaji sindano hadungi DNA. Mwanaakiolojia aliyepata kipande cha fuvu kando ya Ziwa Turkana, ambako kondoo na mbuzi wa kufugwa walifika kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita, mara nyingi ana mfupa tu mkononi, jua limekwisha kula chembe za urithi. Anahitaji kulinganisha umbo. Atalinganisha na nini? Na Akkaraman? Hatuna kondoo mwitu huku ambaye wa kwetu wangeweza kutokana naye. Wote walitembea kutoka Asia ya magharibi, kizazi baada ya kizazi, wakibadilika njiani. Mwekundu wa leo ni matokeo ya safari hiyo, na tunamchanganya kabla ya kumwandika.

Nilijaribu, msidhani napiga kelele tu. Nilikwenda kwenye ofisi moja yenye mashine ya CT ya wanyama, sitaitaja, nikaeleza. Nikaulizwa mimi ni mwanafunzi wa wapi. Nikasema si mwanafunzi. Nikaambiwa nilete barua ya chuo, barua ya maadili ya utafiti, na barua ya mfadhili. Kwa kichwa ambacho kimeshachinjwa! Ambacho saa mbili baadaye kingekuwa supu! Bei ya kupiga picha kichwa kimoja mahali pengine ilikaribia bei ya kondoo mwenyewe akiwa anatembea. Nikaenda Kiamaiko.

Kama hujafika Kiamaiko, ni pale Huruma, ambapo mbuzi na kondoo wa kaskazini huteremshwa kwenye malori na kuchinjwa kabla ya jua kuchoma. Nje ya vichinjio kuna moto, na kwenye moto kuna vichwa na miguu vinababuliwa manyoya. Kuna mzee mmoja pale, Mborana, amekaa na vichwa kuliko profesa yeyote nitakayekutana naye. Nilimwuliza, mzee, unajuaje hiki ni cha kondoo na hiki ni cha mbuzi manyoya yakishaisha? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mama yake anamjuaje.

"Kijana, weka kidole hapa." Akanishika mkono akauweka mbele ya jicho, kwenye mfupa. Kulikuwa na kishimo. "Kondoo analia hapa. Mbuzi halii."

Kishimo hicho ndicho kinachokaa tezi ya mbele ya jicho ya kondoo. Mjerumani Joachim Boessneck na wenzake, walipoandika katika miaka ya 1960 jinsi ya kutenganisha mifupa ya kondoo na ya mbuzi, alama hiyo wameitaja. Mzee hajawasoma na hawakumsoma. Akanionyesha na mshono wa mfupa juu ya kichwa, kwamba wa kondoo unakunjika kona kuelekea mbele na wa mbuzi umenyooka zaidi, nalo limo kwenye vitabu. Kisha akapasua kichwa kwa shoka akatoa ubongo, akamwuzia mama aliyekuwa anangoja na kikapu. Ujuzi wote ule, halafu shoka.

Huyo ndiye mtu ambaye mradi wowote wa kupima kondoo wa Kenya ungepaswa kumwajiri siku ya kwanza. Alipwe mshahara, jina lake liandikwe juu ya makala pamoja na ya madaktari. Badala yake, nikiufahamu mwendo wetu, atapewa soda na kushukuriwa kwenye mstari wa mwisho kama "wachinjaji wa eneo hilo".

Nilinunua vichwa vinne ambavyo havijapasuliwa. Nikavichemsha polepole siku nzima, jirani wakadhani nimefungua hoteli, nikavisugua kwa sabuni ya vyombo, nikavianika juu ya paa la mabati. Ukikimbiza moto, mifupa ya pua inaachana, chunga hapo. Kisha unaweka fuvu juu ya kigoda mahali penye kivuli sawasawa, rula kando yake, unazunguka na simu ukipiga picha, mia moja hivi, kila moja ikipandana na iliyotangulia. Kuna programu ya bure iitwayo Meshroom inayotafuta nukta zinazofanana kwenye picha na kujenga kielelezo cha pande tatu. Kompyuta yangu ni ya mitumba, kwa hiyo fuvu moja lilichukua usiku kucha na feni ililia kama posho mill. Lakini asubuhi lilikuwa pale. Nililizungusha. Kile kishimo cha machozi kilionekana.

Njia ya simu haioni ndani, hilo nalisema wazi kabla mtu hajalisema kwa kejeli. Vyumba vya hewa, pua, chumba cha ubongo, hivyo vinataka CT. Na bila ile rula kwenye picha kielelezo chako hakina ukubwa, kinaweza kuwa cha kondoo au cha nyangumi. Ila kwa sura ya nje, kwa nukta nyingi za von den Driesch, inatosha kuanza. Ndiyo maana nakataa kisingizio cha vifaa. Simu iko mfukoni mwa kila mwanafunzi wa mifugo nchini.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na nayapeleka kwa wenye funguo. Vyuo vyenye idara za mifugo: kila mwaka mnawapa wanafunzi kazi za utafiti ambazo zinaishia kwenye rafu. Mpe kila mmoja mafuvu kumi ya kondoo, aina ijulikane, kaunti ijulikane, dume au jike, umri kwa meno. Miaka mitano tu mtakuwa na hazina ambayo Kosovo itakuja kuomba. Makavazi ya Kitaifa: mna mkusanyo wa mifupa ya wanyama ya kulinganishia, pigeni picha, pakieni, wekeni huru. Wenye mashine za CT: usiku mashine inalala, kichwa kilichokufa hakihitaji nusu kaputi. Na faili zikae hapa. Hifadhi kama MorphoSource ya Chuo Kikuu cha Duke ni nzuri, natumia, lakini mwenye kupakia ndiye huamua nani afungue, na mfupa wa Narok ukipakiwa na mtu wa ng'ambo utajikuta unaandika barua pepe ya kuomba kumwona kondoo wa jirani yako.

Inalipa? Oda ile ilinilipa dola 84. Aliyeweka jina lake juu yake alipata shahada, nadhani. Hilo ndilo soko lilivyo kwa sasa: ujuzi kuhusu kondoo wa watu wengine una bei, na wetu hauna hata folda. Mimi nimefungua folda. Ina vielelezo vinne, viwili vya kondoo mwenye damu ya Dorper kwa ninavyoviona, kimoja cha kichwa-cheusi, na kimoja mzee aliapa ni mwekundu halisi kutoka upande wa Kajiado. Anayevitaka aniandikie, nitamtumia na picha zote ili anikosoe.

Mzee amekubali kuniwekea vya wekundu kila Jumanne, bila shoka. Sharti lake ni kwamba nimlipe na ubongo, kwa sababu mama wa kikapu ameshaanza kulalamika.